Mafua Niliyompelekea Mado

Gisenyi,
mvua inanyesha tangu asubuhi

Kwa mke wangu Bibi Kezia, mwenye meno mawili na maneno elfu moja,

Hujambo, mke wangu? Mgongo unasemaje? Mjomba Damasi alipotoka huko Ngara alinipa salamu zako, akasema bado unapanda kile kilima kwenda kwenye maharage, na ukiambiwa upumzike unawauliza watu kama wao ndio waliochoka. Nilicheka mpaka mamba akafungua jicho moja. Beberu je? Yule mwenye kiburi, bado yupo au mlimla sikukuu bila mimi? Kama mlimla niambieni tu ukweli, nimeshakuwa mtu mzima, nitavumilia.

Mimi mumeo ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili, usije ukasema sikukuonya.

Sasa vaa miwani, ile uliyoifunga uzi, ukae mlangoni penye mwanga. Usome kwa kidole kama masista walivyokufundisha, mstari kwa mstari. Najua tabia yako, unaruka ukitafuta mahali nilipoandika kwamba nakuja. Hapapo. Soma.

Barua yangu iliyopita ilikuambia kwamba nimefanywa mkuu wa bustani ya wanyama, kwamba funguo zote zinalia kiunoni mwangu kama njuga, na kwamba watu wananiita Shefu. Nasikia uliwasomea wanawake wote wa jumuiya, na kwanza ukawaomba wanyamaze. Bibi, kila neno lilikuwa kweli. Funguo zilikuwepo na ushefu ulikuwepo. Nilichokuficha ni namna nilivyoupata. Nimekitafuna peke yangu muda mrefu na hakimezeki, ndiyo maana nimekaa hapa kwenye stoo ya viazi, karatasi juu ya debe, nakuandikia wewe. Nikimwandikia mama atalia. Wewe utatukana kwanza, na matusi yako nayajua.

Nianze na kazi yenyewe, maana huko mnadhani nashinda nacheza na nyani. Bustani ni ya tajiri mmoja wa malori ambaye sisi wote tunamwita Patroni. Iko juu kidogo ya barabara ya ziwani, ndani ya ukuta wa mawe meusi ya volkano. Zamani wageni walikuwa wakija kwa mabasi. Siku hizi barabara zina mashaka, wanaokuja ni familia za mjini baada ya misa, na askari wakipata nafasi. Tuna korongo wawili wenye taji, tumbili saba, nungunungu, mondo mmoja, yule paka wa pori, mwenye hasira za bure, na mamba ambaye tangu nifike hajatembea hatua kumi. Watoto wananiuliza kama yu hai. Nawaambia yu hai sana, ila ni mtu mkubwa, hafanyi kazi hovyo.

Tunaanza saa kumi na mbili. Unafagia, unakwangua mavi kwa jembe, unabeba maji, unakata viazi vitamu, unakwenda machinjioni kuchukua matumbo ya mamba. Mabawa ya korongo nayo yanaangaliwa kila mwezi, manyoya mapya yakiota unayapunguza upande mmoja, la sivyo utawaona wameruka mpaka Goma, ng'ambo ya mpaka. Hiyo kazi ya mabawa naijua kuliko mtu yeyote mjini hapa, na wala sijisifu, uliza.

Aliyenifundisha yote ni Papa Anaklet. Ni mzee mwembamba wa hapahapa, alikuwa analea wanyama kabla mimi sijazaliwa. Siku ya kwanza alinisikiliza nikijieleza, Kiswahili changu cha darasa la sita kimenyooka kama rula, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Weye Mutanzania, unasema kama redio! Banyama batazani ni habari ya saa moja. Sema kama mutu!"

Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mnyama hamwagiwi chakula kama kuku. Chakula kinafichwa. Karanga unazitia kwenye matundu ya mwanzi, viazi unavifunga kwenye majani ya mgomba, ndizi unaiweka juu kabisa penye kamba. "Akikula bila kutafuta, roho yake inalala," alikuwa akisema, "na roho ikilala anaanza kujing'oa nywele." Basi asubuhi tulikuwa kama watu wanaoficha mali ya wizi, yeye huku mimi kule, tukishindana nani ataficha vizuri. Mado alikuwa anamaliza vyote kabla ya saa nne, halafu anatuangalia kama mwalimu anayeangalia watoto wajinga.

Mado alikuwa sokwe jike. Nimeandika "alikuwa", umeona.

Papa Anaklet alimkuta mwaka ule wa vita watu wote walipokimbia, ameachwa kwenye banda la makaa na mnyororo shingoni, mdogo wa kubebwa, amebaki macho matupu. Alimtia ndani ya koti. Hapa Bibi mtu haulizwi nyumbani kwake wamebaki wangapi, hiyo nilifundishwa na mjomba siku ya kwanza. Nilijua tu kwamba Papa Anaklet ana binti mmoja, Beata, aliyeolewa Rugerero, na kwamba hakuna mwingine anayemtaja. Wengine walisema mzee amemlea Mado, mimi nilivyoona, kila mmoja alimlea mwenzake. Jioni mzee alikuwa akimpa blanketi lake, na Mado hakulipokea mpaka mzee alinuse kwanza, amrudishie, ndipo alitandike. Usiniulize maana yake. Ilikuwa yao.

Sasa sikiliza kanuni, maana kila kitu kiko hapo. Sokwe anashikwa na maradhi ya watu. Mafua ambayo wewe unayamaliza kwa chai na kelele, yeye yanamshuka kifuani. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya mlango wowote kufunguliwa, sisi wafanyakazi watatu tulipanga mstari penye bomba, na Papa Anaklet anapita mbele yetu kama afande.

"Kohoa."

Unakohoa. Anasikiliza kichwa kimeinama, kama fundi anayesikiliza injini. Anakuangalia puani. Ukiwa na kitu, hata kidogo, siku hiyo unakwenda kwa korongo na mamba, kwa Mado hukanyagi. "Ugonjwa yako mudogo, kwake iko mukubwa," anasema, basi, hakuna ugomvi, hakuna aibu. Siku akiamka yeye mwenyewe na pua nzito, alikuwa anajifukuza. Anakaa kule mbali kwenye jiwe, anatupigia kelele jinsi ya kuficha karanga.

Nami nilikuwa nacheka kanuni hiyo. Nilikuwa nikikohoa kwa sauti ya ng'ombe, wenzangu wanaanguka, mzee ananipiga kofi la kisogo. Mjinga hajui kwamba anachokicheka ndicho kinachoshikilia uhai wa mwenzake.

Kuna binti anaitwa Josiane. Usitoe macho, Bibi, wewe bado ndiye mke mkubwa. Anauza sambaza, wale dagaa wa ziwa hili, asubuhi yuko ng'ambo Goma, mchana yuko huku, na ulimi wake una ushuru wa nchi mbili. Nilimwambia kwamba Mado ananibusu mbele za watu. Ilikuwa kweli nusu. Nilikuwa nimemfundisha Mado, mzee akiwa hayupo, kuchukua karanga mdomoni mwangu kwa midomo yake, polepole, kama mtu anayechomoa mwiba.

"Muongo weye!" Josiane akasema. "Nyama ya pori ikubusu? Hata mama yako alikuwa anakubusu kwa kulazimishwa."

"Njoo Jumapili," nikamwambia. "Njoo na mashahidi."

Ijumaa ile tukanyeshewa wakati tunabeba majani. Jumamosi koo likaanza kuwasha. Jumapili niliamka pua zimeziba na kifua kinakwaruza, na Josiane amepeleka habari sokoni kwamba anakuja na rafiki zake wawili baada ya misa ya pili. Bibi, nilikuwa na njia moja nyepesi. Ningesema niko na mafua, ningekwenda kwa mamba, Josiane angenicheka juma moja, basi. Kucheka kwa Josiane hakujaua mtu.

Nilichemsha tangawizi kali, nikainywa ikiwa bado inaunguza, nikapenga pua mpaka damu ikataka kutoka, nikanawa uso. Nikasimama penye bomba.

"Kohoa."

Nikatoa kikohozi kikavu, safi, kama cha mtu anayebisha hodi. Mzee akainamisha kichwa. Akanitazama kidogo zaidi ya kawaida. Nikamfanyia uso wangu wa kawaida wa upumbavu.

"Leo haufanye ng'ombe?" akauliza.

"Leo ni siku ya Bwana, Papa."

Akacheka. Akapita.

Josiane alikuja na kitenge kipya. Mzee alikuwa nyuma anashughulika na mondo. Niliweka karanga mdomoni, nikasogeza uso penye nondo, Mado akaja. Aliniangalia machoni, akatoa ile midomo yake mirefu, akaichukua. Josiane akapiga makofi, akapiga kelele, akasema nirudie. Nikarudia. Mara tatu, Bibi. Mara ya tatu pumzi zetu zilikuwa pua kwa pua, na nikajiona mimi ndiye mwanamume wa mji huu mzima.

Jumatano Mado hakutafuta karanga. Alikaa kwenye kona, pua inatiririka, anaipangusa kwa nyuma ya mkono kama mtoto. Alhamisi akaanza kukohoa. Hujasikia sokwe akikohoa, Bibi, na nakuombea usisikie. Ni kikohozi cha mtu. Ukiwa nje hujui kama ndani kuna mnyama.

Papa Anaklet alihamia mle ndani. Alichemsha majani ya mkaratusi, akamfunika Mado blanketi apate mvuke, akamlisha uji kwa kijiko. Patroni alileta daktari wa ng'ombe. Daktari alipiga sindano, akasema wazi kwamba yeye ng'ombe anawajua, kwa huyu anabahatisha. Mimi nilikuwa nabeba maji. Nilibeba maji mengi kuliko yaliyohitajika. Mafua yangu yalikuwa yameshapona, hebu fikiria, siku tatu tu yakaisha, sikumbuki hata kama nililala kitandani.

Alikufa siku ya kumi, kama saa tatu asubuhi, kukiwa na jua. Mzee alikuwa amemshika kiganja. Akatoka nje, akanawa mikono, akakaa kwenye jiwe, akaanza kukohoa. Alikuwa ameshikwa na mafua siku zile za kumuuguza, kila mtu aliona. Lakini Patroni alipokuja, akatuweka mstari, akauliza nani alileta ugonjwa kwa Mado, mzee ndiye aliyesimama.

"Patroni, ni mi. Niko nakohoa. Hapana mwingine. Hawa batoto nilibasikiliza mimi mwenyewe kila asubuhi, walikuwa safi. Mimi hakuna mutu alinisikiliza."

Hakuwa ananifichia, Bibi. Hilo ndilo linaloniumiza. Aliamini. Sikio lake lilimwambia kwamba mimi nilikuwa safi, na alikuwa analiamini sikio lake kuliko kumbukumbu yake. Akahesabu nani aliyebaki, akabaki yeye.

Nami nilikuwa nimesimama mkono mmoja kutoka kwake. Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Patroni hakumfukuza. Alisema pole tu, mambo ya Mungu. Ni mzee mwenyewe aliyevua mkufu wa funguo akauweka juu ya meza. "Mutu mwenye anaua kwa pumzi hawezi chunga kitu," akasema, akachukua koti lake, akaenda kwa binti yake Rugerero. Patroni akatuangalia sisi watatu tuliobaki, akasukuma funguo kwangu kwa sababu ninajua kusoma. Ndivyo nilivyopata ushefu. Jioni hiyohiyo nilikuandikia ile barua.

Miezi miwili ikapita. Nilitembea na njuga zangu. Josiane nilimkwepa, akadhani nimempata mwingine, akanitukana kwa lugha tatu. Banda la Mado nilikuwa nafagia kila siku ingawa halikuwa na kitu.

Halafu Beata akajifungua mtoto wa kike. Hapa siku ya nane mtoto anapewa jina. Wanaita watoto wa jirani, wanawapa vijembe na vijiti walime kidogo mbele ya nyumba, mchezo tu, halafu wananawa, wanaketi kwenye mkeka, wanapewa chakula, na kila mtoto anapendekeza jina. Wanataja majina ya ajabu, watu wazima wanacheka, mwishowe baba anasema lake. Patroni alinituma mimi nimwakilishe, na kitenge, na sukari, na dumu la pombe ya mtama. Nilivaa viatu. Nilivaa na funguo, Mungu anisamehe.

Nyumba ilijaa. Nilimtafuta mzee ndani, sikumwona. Alikuwa uani kabisa, mwisho wa migomba, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, kitambaa cheupe amekifunga puani na mdomoni kama mtu anayepura mtama. Mwanamke mmoja akapita na mtoto mgongoni, mzee akainuka akasogea nyuma hatua tatu. Nilimuuliza Beata.

"Hajamushika mutoto hata mara moja," akasema. "Siku nane! Anakuja mpaka kwa mlango, anaangalia, anarudi. Nimemuambia Papa huna kitu, umepona zamani. Anasema ile ya Mado pia alifikiri hana kitu." Akapangusa macho kwa ncha ya kitenge kile nilichomletea. "Ni mujukuu yake wa kwanza. Na mimi ni mutoto yake wa mwisho."

Watoto wakaanza kutaja majina. Mmoja akasema Sukari. Mwingine akasema Jenerali, watu wakacheka. Kisha katoto kamoja ka jirani, meno ya mbele hamna, kakasimama kakapiga kelele, "Mado!" Kanampenda mzee, kalikuwa kanasikia hadithi zake, kaliona hilo ndilo jina zuri kuliko yote. Watu walicheka nusu, halafu kicheko kikakatika. Niligeuka. Mzee alikuwa amesikia. Alisimama, akakaza kile kitambaa kwa mikono miwili, akaanza kuondoka kupitia migombani, mgongo kwetu.

Nikamfuata. Bibi, wewe unanijua mimi kwa maneno, tangu utoto unasema nitazikwa mdomo ukiwa nje. Siku hiyo maneno yalikuja moja moja kama meno yanayong'olewa.

"Papa. Si wewe."

Hakugeuka. "Rudi kwa pombe, Mutanzania."

"Mado. Si wewe. Ni mimi. Nilikuwa na mafua Jumapili ile. Nilikunywa tangawizi ili usisikie. Halafu nikamlisha karanga kwa mdomo wangu, mara tatu, ili Josiane aone."

Akageuka. Juu ya kitambaa macho tu ndiyo yalionekana.

"Nilikusikiliza."

"Nilikudanganya, Papa."

"Mi nilikusikiliza," akarudia, kama mtu anayedai kitu chake. Halafu nikaona anakwenda nyuma siku moja moja, Jumatano, Jumatatu, Jumapili, mpaka bombani. "Haukufanya ng'ombe," akasema polepole.

"Ndiyo, Papa."

"Na siku Patroni aliuliza?"

"Nilikuwa hapohapo."

"Ulikuwa hapo." Akazitazama funguo zangu, akavitazama viatu vyangu. "Miezi mbili naomba ile nyama radhi. Kila siku. Nasema Mado, nisamehe, nilikuletea kifo. Siku nane mujukuu yangu analia mule ndani, mi nakaa kwa kinu. We ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa Shefu, ndilo jibu.

Nilidhani atanipiga, na nilisogea karibu ili asipate shida. Hakunipiga. Alisema, "Toka kwa macho yangu," kwa sauti ya chini kabisa, akapita kando yangu kana kwamba mimi ni mgomba. Nikabaki nimesimama, sikuthubutu kumfuata. Kwa mbali nikamwona amefika mlangoni. Kisha akafungua fundo la kitambaa kisogoni, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni, akainama akaingia. Nikasikia Beata akisema "Papa!" na baada yake wanawake wakapiga vigelegele, muda mrefu.

Mimi nikarudi mjini kwa miguu. Sikuonja hata pombe.

Kesho yake nilimwambia Patroni yote, nikaweka funguo mezani. Alinitukana vizuri, ungempenda. Alitaka nikusanye nguo zangu saa ileile, lakini kwanza akatuma gari kwenda kumchukua mzee. Papa Anaklet akaja, akachukua funguo, akazihesabu. Patroni akamuuliza, "Na huyu, nimfukuze?"

Mzee hakunitazama. "Matumbo ya mamba nani atabeba? Mi mugongo hauwezi. Aache abaki. Kwa mamba."

Basi niko kwa mamba, Bibi. Wiki ya tatu hii. Simo kwenye mstari wa asubuhi, sikaguliwi, sigusi tumbili, banda la Mado sifagii tena, analifagia mwenyewe. Nikimwamkia anapita. Unajua watu wa hapa walivyo na salamu, mtu anaweza kukusimamisha njiani akuulize hata habari za ng'ombe usiye naye. Mimi napitwa. Wenzangu wananihurumia, wanasema niombe msamaha tena mbele ya wazee, nipeleke pombe. Nimekataa. Msamaha nikiudai nitakuwa namwongezea mzigo mwingine. Ana haki ya kunichukia na aitumie mpaka imalizike au isimalizike. Jumapili iliyopita Beata alikuja na mtoto, nikiwa mbali kule kwenye dimbwi nikamwona mzee amemweka begani anamwonyesha korongo, wanatembea huku na huku. Nikajisemea afadhali anichukie mimi kuliko ajichukie yeye. Mimi nina nafasi kubwa ya kuchukiwa, kijana mwenye afya.

Lakini siku ya kusema nimetulia haijafika, nisikudanganye tena. Kila nikitafuna karanga inanikwama. Nimeacha karanga.

Usiwasomee jumuiya barua hii kama huwezi. Ila mtu akikuuliza Shefu anaendeleaje, mwambie anabeba matumbo.

Nisalimie mama, umweleze kidogo kidogo, si yote siku moja. Nisalimie shangazi mwenye duka la chumvi, na mume wake mkimya ambaye nadhani hana habari kwamba ameoa. Wadogo zangu waambie waende shule, na asije mtu huku kwa kunionea wivu. Mke wa mjomba Damasi mwambie lile sweta alilonifumia limenifaa sana, baridi ya huku inatoka kwenye volkano na haina adabu. Babu kaburini kwake mfyekee majani kwa niaba yangu, umwambie mjukuu wake anajifunza kusema kweli, amechelewa lakini anajifunza.

Naacha kalamu, mke wangu, naitwa. Papa Anaklet hanitaji jina siku hizi. Akinihitaji anagonga ndoo kwa jiwe, mara mbili, akiwa amenipa mgongo. Mgeni akisikia atadhani ni ndoo tu. Mimi najua ndiye mimi, na naenda mbio.

Mumeo asiyefaa na mjukuu wako,
Zabroni wa mamba